Dawa Zinazopunguza Kinga ya Mwili: Homa Ndogo Isipuuzwe

Wapo wananchi wanaotumia dawa ambazo kazi yake ni kupunguza nguvu ya kinga ya mwili. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kusikia kwamba kinga haina budi kuimarishwa. Hata hivyo, yapo magonjwa, kama vile baridi yabisi, ambayo kinga hugeuka na kuushambulia mwili inaopaswa kuulinda. Vilevile, mtu aliyepandikizwa figo huhitaji dawa hizi kila siku, la sivyo mwili huikataa figo hiyo kama kitu kigeni. Upandikizaji wa figo ulianza nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma mwaka 2018. Wagonjwa wa aina hii hurejea makwao, na wanapougua usiku, mahali pa kwanza kukimbilia ni zahanati au duka la dawa la jirani.

Miongoni mwa dawa hizo ni prednisoloni, deksamethasoni, methotreksati, azathioprini na dawa nyingi za saratani. Dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI hazimo katika kundi hili. Hizo huisaidia kinga irejee, na mtumiaji hapaswi kuziacha.

Ugonjwa hujificha

Joto la mwili, uvimbe na maumivu ni ishara kwamba kinga inapambana na vimelea. Kinga ikipunguzwa, ishara hizo nazo hupungua, hivyo mgonjwa anaweza kuwa na maambukizi makali huku akihisi uchovu tu. Kwa sababu hiyo, mtumiaji wa dawa hizi mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, kupumua kwa shida au kidonda kinachosambaa anapaswa kufika kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kumeza dawa ya kutuliza homa na kusubiri kesho ni hatari.

Kifua kikuu kilicholala mwilini kwa miaka mingi kinaweza kuamka kinga inaposhuka. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kutokwa jasho jingi usiku na kupungua uzito ni sababu za kuomba kipimo. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma hutolewa bila malipo.

Dawa isiachwe ghafla

Aliyetumia prednisoloni kwa wiki kadhaa asiiache kwa siku moja, hata kama amepata nafuu. Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo, na dawa inapotumika kwa muda mrefu tezi hizo hulegea. Ikikatishwa ghafla, mgonjwa anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kushuka shinikizo la damu na hata kupoteza maisha. Daktari ndiye anayepanga namna ya kupunguza dozi kidogo kidogo. Ni vyema kufuata dawa nyingine kabla ya zilizopo kwisha, hususan masika barabara zinapoharibika.

Methotreksati ni mara moja kwa wiki

Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, methotreksati humezwa siku moja tu katika wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumesababisha vifo sehemu mbalimbali duniani. Mgonjwa achague siku moja, aiandike kwenye pakiti na amjulishe mtu wa nyumbani. Dawa hii pia hudhuru mimba, hivyo anayetarajia kupata mtoto aonane kwanza na daktari. Aidha, isichanganywe na kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin na huinunua wakiwa na kikohozi au tumbo la kuhara. Dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuuharibu uboho, mahali damu inapotengenezwa.

Chanjo, chakula na mazingira

Chanjo zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na rubela au ya homa ya manjano, zinaweza kumletea mgonjwa madhara. Wakati wa kampeni au kabla ya safari, mgonjwa amweleze mtoa chanjo dawa anazotumia. Zipo chanjo nyingine zisizo na vimelea hai ambazo humfaa, na wanakaya wenzake wanapaswa kukamilisha zao ili wasimletee ugonjwa.

Maziwa yachemshwe, kwani mabichi huweza kubeba vimelea vya brusela na kifua kikuu. Nyama iive, maji ya kunywa yatibiwe, na chandarua kitumike kila usiku. Mkulima avae viatu shambani, kwa kuwa wapo minyoo wanaopenya ngozi ya miguu ambao huzaliana kupita kiasi mwilini mwa mtu anayetumia prednisoloni.

Vidonge vya kunenepa

Wapo wanaonunua deksamethasoni au prednisoloni bila cheti cha daktari ili wanenepe. Uso huvimba na mwili huonekana umejaa, lakini ndani kinga imeshuka, sukari na shinikizo la damu vinaweza kupanda, na mifupa hudhoofika. Mtu huyo anapougua, mhudumu hajui kwamba kinga yake imepunguzwa, na yeye mwenyewe pengine hajui alichomeza. Aliyekwisha kuanza kutumia vidonge hivyo asiviache kwa woga, bali aende navyo kituoni ili asaidiwe kuacha kwa utaratibu.

Kila mtumiaji wa dawa hizi anashauriwa kuandika majina na dozi zake kwenye karatasi, na kuionyesha kabla ya kupokea dawa yoyote nyingine, iwe zahanati, duka la dawa au kwa mganga wa tiba asili.