Kompyuta Nafuu kwa Asasi za Hisani za Bagamoyo

Asasi inayohudumia yatima au wajane Bagamoyo, Mlingotini au Saadani hukosea inapotanguliza bei, kwani jambo la kwanza ni kazi itakayofanywa. Barua, hesabu na ripoti za wafadhili hutoshelezwa na kompyuta mpakato ya mtumba, almuradi iwe na gigabaiti 8 za kumbukumbu ya muda, yaani nafasi ambamo programu hufanyia kazi, na diski ya SSD, ambayo haina sahani inayozunguka na hivyo hustahimili mitikisiko ya safari. Betri yake nayo huendeleza kazi umeme unapokatika.

Adui mkubwa wa kompyuta huko pwani ni chumvi. Hewa ya bahari huingia kupitia matundu ya feni na kula shaba polepole, kwa hiyo mnunuzi aombe kifuniko cha chini kifunguliwe palepale dukani, achunguze skrubu na miguso ya betri, na akiona ukungu wa kijani aiache mashine hiyo hata ikiwa rahisi kiasi gani.

Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Hizo zikiwekewa Linux, mfumo endeshi usiolipiwa, bado hufaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Viongozi wa asasi wasipokee hata kompyuta ya msaada kabla ya kuijaribu.