Tukidhani tumeelewana: lugha na familia za wagonjwa hospitalini

Wilaya ya Mbulu, hapa mkoani Manyara, na maeneo inayopakana nayo ni sehemu ya pekee barani Afrika. Wairaqw wanazungumza lugha ya Kikushi, Wadatoga lugha ya Kinailoti, Wanyiramba lugha ya Kibantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu popote. Ongeza Wagorowa wa Babati na Wamaasai wa Simanjiro na Kiteto. Watu hao wote hukutana mnadani, na hukutana hospitalini. Mnadani, msipoelewana bei mnasubiri mnada ujao. Hospitalini, msipoelewana mgonjwa anaweza kupoteza maisha.

Kwa kawaida tunasema Kiswahili kimelimaliza tatizo hilo. Kimesaidia sana, maana Tanzania ina lugha zaidi ya 120 na bado tunazungumza. Lakini Kiswahili cha kuuzia mbuzi hakitoshi kueleza kwa nini mtoto anahitaji kuongezewa damu. Wapo bibi na babu zetu wengi, na akina mama wa vijijini, wanaojua kusalimia na kununua chumvi kwa Kiswahili, na hapo ndipo kinapoishia.

Hatari iko wapi hasa?

Mgonjwa asiyejua Kiswahili hata neno moja, kila mtu anaona kwamba anahitaji mkalimani, na atatafutwa. Hatari kubwa iko kwa familia inayojua kidogo. Daktari anasema, familia inaitikia, na pande zote mbili zinaondoka zikiamini zimeelewana.

Mfano unaofundishwa sana kuhusu jambo hili ulitokea mbali na hapa, Florida nchini Marekani, mwaka 1980. Kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa amepoteza fahamu. Familia yake, iliyokuwa ikizungumza Kihispania, ilitumia neno "intoxicado", ikimaanisha kuna kitu alichokula au kunywa kilichomdhuru. Neno hilo linafanana na neno la Kiingereza la mtu aliyelewa. Madaktari wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya, kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Kijana alibaki amepooza mikono na miguu. Hakuna aliyeita mkalimani, kwa sababu kila upande ulidhani umeuelewa mwingine.

Maneno yetu yanayoponza

Nasi tunayo maneno ya namna hiyo. Fikiria neno "rufaa". Kwa muuguzi ni mgonjwa kupelekwa hospitali kubwa zaidi. Kwa mzee aliyewahi kuwa na kesi ya shamba, rufaa ni mahakama. Fikiria pia majibu ya kipimo yanayoitwa "chanya". Katika mazungumzo ya kila siku, jambo chanya ni jambo jema. Anayeambiwa majibu ni chanya anaweza kutoka akiwa na furaha.

Kabla ya operesheni, familia huambiwa mgonjwa "asile kitu". Kwa anayelichukua neno kama lilivyo, maziwa na chai havimo, kwa kuwa hivyo hunywewa. Ni salama zaidi kusema: "Asile wala asinywe chochote, hata maji, hata maziwa."

Kwenye dirisha la dawa, bahasha huandikwa "1 x 3". Aliyezoea anajua ni kidonge kimoja, kutwa mara tatu. Asiyezoea anaona namba mbili na alama katikati yake. Na kadi ya kliniki ikiandikwa 8:00, wapo watakaofika saa nane mchana, wakati kliniki ilikuwa saa mbili asubuhi.

Tukumbuke pia kwamba madaktari na wauguzi wetu husomea kazi yao kwa Kiingereza. Wanapokueleza kwa Kiswahili tayari wanatafsiri kichwani, na mkalimani anatafsiri tena kwenda Kidatoga au Kimaasai. Maelezo yamepita lugha tatu kabla ya kumfikia mama.

Ukimya nao una maana

Kuna jambo jingine ambalo kamusi haiwezi kulitatua. Kwa mila ya Wadatoga, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, na huepuka hata maneno yanayofanana nalo. Sasa akifika mapokezi anaulizwa majina matatu ya mtoto. Jina la tatu mara nyingi ni la babu, yaani baba mkwe huyo huyo. Mama ananyamaza. Asiyejua mila hiyo atadhani hajui jina la mwanawe au hajaelewa swali, na foleni nyuma inaanza kunung'unika. Dawa yake ni ndogo: mwacheni ndugu mwingine alitaje, au mtazame jina kwenye kadi.

Kwa nini asitafsiri mtoto?

Familia nyingi huja na mtoto wa shule kwa sababu Kiswahili chake ni kizuri. Kwa kuuliza wodi iko wapi, hakuna ubaya. Lakini mtoto wa miaka 11 hawezi kubebeshwa kazi ya kumwambia mama yake kwamba ana saratani, wala kumuuliza mambo ya uzazi. Atafupisha, ataona aibu, au atanyamaza. Hata ndugu mtu mzima, kwa huruma, huficha habari mbaya au hujibu kwa niaba ya mgonjwa.

Marekani, sheria inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kuwapa wagonjwa wasiojua Kiingereza mkalimani bila malipo, na hairuhusu kumtegemea mtoto isipokuwa kwenye dharura. Haki hiyo inawahusu hata wazungumzaji wa Kiswahili, wakiwemo wakimbizi kutoka Kongo waliohamia huko. Wenye ndugu upande ule wawakumbushe: waseme wazi kwamba wanahitaji mkalimani wa Kiswahili.

Hospitali inaweza kufanya nini?

Mengi hayahitaji bajeti mpya. Mapokezi waulize, "Nyumbani mnazungumza lugha gani?" na jibu liandikwe kwenye faili. Iwepo orodha ya wafanyakazi na lugha wanazozijua, pamoja na namba zao za simu, ili mkalimani apatikane hata usiku. Atakayetafsiri aelekezwe mambo matatu: aseme yote yaliyosemwa, asiongeze lake, na atunze siri. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wanatoka vijijini humo humo, kwa hiyo wanaweza kuifuatilia familia ikirudi nyumbani.

La muhimu kuliko yote ni kuacha kuuliza "Umeelewa?" Swali hilo lina jibu moja tu, kwa sababu kwa heshima hakuna mama atakayemjibu daktari "hapana". Badala yake aulizwe: "Mama, hebu nionyeshe, ukifika nyumbani utampaje mtoto dawa hii?" Akikosea, anaelezwa upya kwa maneno mengine. Hiyo huchukua dakika mbili au tatu, na makosa yanaonekana pale pale dirishani.

Na familia je?

Semeni lugha yenu mapema, na si aibu. Chagueni mtu mzima mmoja ambaye mgonjwa anamwamini, awe ndiye anayesikiliza maelezo. Njooni na pakiti za dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba, kwa sababu pakiti haihitaji kutafsiriwa.

Msiweke sahihi wala dole gumba kwenye fomu ya ridhaa kabla ya kuelezwa mambo manne: mgonjwa anaumwa nini, atafanyiwa nini, kuna hatari gani, na ikiwa hatafanyiwa itakuwaje. Kama hamkuelewa, ombeni mrudiwe. Mkishindwa wodini, muulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kusaidia familia iliyokwama ni sehemu ya kazi yake.