Taya likivimba bila kuuma

Kolwezi, nchini Kongo (DRC), ni mji wa mashimo. Mchimbaji wa kobalti huogopa udongo kumfukia, huogopa vumbi kifuani, lakini uvimbe wa taya usiouma haumtishi. Jino likilegea, linang'olewa. Shavu likiendelea kufura mwaka wa pili na wa tatu, majirani wanaanza kunong'ona habari za uchawi.

Huenda ni ameloblastoma, uvimbe unaotokana na chembe zinazounda meno. Duniani ni nadra: takriban mgonjwa mpya 1 kwa mwaka katika kila watu milioni 1. Hata hivyo, nchini Tanzania na katika sehemu nyingine za Afrika, ndio unaoongoza miongoni mwa uvimbe wa asili ya meno. Hupenda taya la chini, kwenye magego, na huwapata hasa watu wa makamo na vijana. Si saratani, ila hula mfupa taratibu bila huruma.

Kwenye radio, yaani picha ya eksirei, mfupa huonekana vyumba vyumba, kama povu la sabuni. Picha hiyo haitoshi, kwa kuwa uvimbe mwingine wa taya hufanana nao. Munganga (daktari) hukata kipande kidogo kikasomwe kwa hadubini. Kwa mtoto ambaye taya limefura ndani ya wiki chache, msisubiri: huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala, na hiyo hutibiwa kwa dawa.

Kosa kubwa liko kwenye tiba ya ameloblastoma. Kukwangua uvimbe kunavutia, maana mgonjwa hubaki na taya lake. Lakini masalia hujificha mfupani, na uvimbe hurudi, pengine baada ya miaka 10. Ameloblastoma ya kawaida hukatwa pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima. Pengo huzibwa kwa bamba la titani, au kwa mfupa wa nyonga au wa mguu. Meno ya bandia yanayofuata mara nyingi hukaa juu ya fremu ya kobalti na kromi. Kobalti nyingi duniani inatoka kwetu. Mgonjwa wa Kolwezi, anayeweza kulazimika kusafiri kama kilomita 300 hadi Lubumbashi kutafuta madaktari bingwa, hana hakika ya kuipata mdomoni mwake.

Basi, ndugu msomaji, taya likivimba, omba radio kabla jino halijang'olewa. Ukishapasuliwa, rudi kupimwa kila mwaka, hata kama huumwi.