Dhahabu Ndani ya Kipimo cha Malaria

Kila siku zahanati za Mbeya na Iringa hutupa dhahabu. Imo ndani ya vipimo vya haraka vya malaria, mRDT, na ndiyo inayochora ule mstari mwekundu. Mchimbaji wa Chunya asisumbuke kuifuata: haifikii hata bei ya kiberiti.

Dhahabu ikigawanywa hadi chembe za nanomita 40 hivi (unywele mmoja una upana wa takribani 80,000), huacha umanjano wake na kuyapa maji wekundu wa juisi ya rozela. Kila chembe ina chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana, hivyo chembe huelea bila kugusana. Tia chumvi: ioni za sodiamu hudhoofisha msukumano huo, chembe hugandana, maji yakawa zambarau, kisha buluu.

Na damu ina chumvi.

Kinachookoa kipimo ni protini, ambayo ni polima: mnyororo mrefu wa asidi amino, baadhi zikiwa na chaji chanya, nyingine hasi. Kiwandani hurekebishwa pH mpaka protini ing'ang'anie dhahabu na kuizingira pande zote. Hapo pana mtego. Protini ikiwa haba, mnyororo mmoja huweza kushika chembe mbili na kuzigandisha, kwa hiyo kidogo huharibu kuliko kukosa kabisa. Michael Faraday, London mwaka 1857, alikwishaona kuwa jeli huilinda dhahabu nyekundu dhidi ya chumvi.

Katika mRDT nyingi, protini hiyo ni kingamwili inayonasa HRP2, protini ya kimelea *Plasmodium falciparum*. Damu ikipanda kwenye kitepe, dhahabu iliyobeba HRP2 hukwama penye T, mstari wa kuonyesha malaria. Nyingine husonga hadi C, mstari wa kuhakiki kuwa kipimo kimefanya kazi.

Joto kali haliidhuru dhahabu, huharibu kingamwili. Ndiyo maana maboksi yanayopandishwa kutoka Dar es Salaam yameandikwa kiwango cha joto, na pakiti hufunguliwa wakati wa kupima tu, kwani unyevu nao ni adui.

Nyanda za juu, ambako malaria ni chache kuliko kwenye joto la Kyela, homa nyingi hutokana na mambo mengine, nimonia ikiwamo. Dawa ya malaria kwa kukisia humchelewesha mgonjwa. Mstari wa T ukiwa hafifu, bado ni malaria. Wa C usipotokea, kipimo hicho hakihesabiki, hata kama T imewaka: mhudumu achukue kingine.