Kuzoea si kufugwa

Asubuhi kwenye mto mkavu karibu na Tseikuru, Kitui kaskazini, punda husimama kando ya kisima cha mchangani huku maji yakichotwa kwa kata, mtungi baada ya mtungi. Hajafungwa popote. Mitungi minne ya lita 20 ikishapakiwa, anapigwa kikofi mgongoni na kushika njia ya nyumbani mwenyewe, mtoto akimfuata nyuma akila matunda ya mwituni.

Ng'ambo ya mto Tana, mbugani Meru, yupo binamu yake aliyepewa jina hilo hilo, ila yeye ana milia. Mbona huyo habebi maji? Si kwamba hakujaribiwa. Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika Nairobi mwaka 1900, alikuwa akimpanda punda milia kwenda kutazama wagonjwa. Lakini huyo alikuwa mmoja, akaishia hapo. Mnyama mmoja huzoea mtu kwa mwaka au miwili. Ukoo mzima haufugiki hivyo. Punda walianza kufugwa yapata miaka 7,000 iliyopita, Afrika hii hii, na kila kizazi wakali waliachwa, watulivu wakazalishwa.

Waliosahau tofauti hiyo wamelipa. Mashariki ya Tseikuru iko Kora, alikoishi George Adamson akiwarudisha porini simba waliolelewa na watu. Boy alikuwa mmoja wao, simba aliyezoea kamera na mikono ya binadamu hata akaigiza kwenye filamu. Mwaka 1971 alimuua mfanyakazi wa kambi, na Adamson akampiga risasi. Sioni kama Boy alibadilika. Alikuwa simba siku zote.

Nyuki wa hapa nao sijui niwaweke wapi: mzinga ni wako, umeutundika mwenyewe mtini, ila wao huingia wakitaka na kuhama wakichoka.

Kobe ndiye anayetudanganya zaidi, kwa kuwa hang'ati wala hapigi teke. Kwenye miamba ya Kitui kaskazini yuko kobe bapa, aliyelala kama chapati, gamba lake likibonyea kidogo ukilibana. Hutaga yai moja tu kwa mara moja, kwa hiyo kila anayebebwa anaacha pengo lisiloziba upesi. Wanunuzi wa ng'ambo wamempenda mno, na mwaka 2019 mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ukampandisha kwenye orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote. Hapa Kenya, sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumweka nyumbani bila kibali.

Ukimkuta mtoto amemshika, mwambie amrudishe pale pale mwambani. Atashangaa mbio zake, maana huyu si kobe wa hadithi. Ataingia ufani, akaze miguu, ajibane kati ya mawe mawili, na hapo hata mtu mzima mwenye kijiti hamtoi.