Sauti ya Mhusika na Kionjo cha Sauti

Neno sauti limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Mlio wa ngoma ni sauti. Irabu na konsonanti ni sauti. Madai ya wanyonge ni sauti. Na siku hizi hata ile sehemu ya filamu isikiwayo, ikitengwa na picha, huitwa sauti. Katika mazungumzo ya kawaida mzigo huu haumdhuru mtu, kwa kuwa muktadha hufafanua. Neno linapoingia katika ufundi na malipo, hata hivyo, utata wake hugeuka kuwa hasara. Tuchukulie mkataba wa kuingiza Kiswahili katika katuni, unaosema kwamba mwigizaji "atatoa sauti nne". Je, ni wahusika wanne? Au ni namna nne za kuisema sentensi ileile, ili mwongozaji achague? Mwigizaji atadai ujira wa wahusika wanne. Mwenye studio atalipa wa mmoja. Na mfasiri aliyeliandika neno hilo hatakuwapo kuwaamua. Ingetosha kuandika "wahusika wanne" au "marudio manne".

Haja hii si ya kubuni. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthiliya ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikisemwa Kiswahili, na mwaka 2014 zikaanza katuni za Ubongo Kids, zilizotengenezwa Dar es Salaam, ambamo watoto hufundishwa hesabu na sayansi kwa vinywa vya wahusika wa Kiswahili. Kazi imetangulia, istilahi zinafuata nyuma zikichechemea.

Yafaa kwanza kutenganisha sauti asilia, yaani ile aliyozaliwa nayo mwigizaji, na sauti ya mhusika, ambayo huundwa. Katika kuiunda, mwigizaji hubadilisha mambo machache yanayoweza kutajwa kwa majina. La kwanza ni kidatu, yaani ujuu au uchini wa sauti, unaotokana na kasi ya mtetemo wa nyuzi za sauti kooni. Kidatu kisichanganywe na kiimbo, ambacho ni kupanda na kushuka kwa kidatu katika usemi. Mwongozaji anayetaka sauti nzito kisha akasema "punguza kiimbo" atapewa sentensi bapa isiyo na uhai, na kosa halitakuwa la mwigizaji.

La pili tunapendekeza liitwe mvumo, kwa maana ya mahali sauti inapovumia: kifuani, kinywani, au puani. Msomaji na ajaribu mwenyewe. Aseme "Karibu ndani" akiipeleka sauti puani, kisha aseme vilevile akiiacha ivume kifuani, bila kuipandisha wala kuishusha. Kidatu ni kilekile, ila anayekaribisha si yule tena. Baada ya hayo kuna mwendo na pumzi, ambavyo havihitaji maelezo marefu: mzee mwenye pumu na kijana aliyetoka kukimbia wote hukatiza maneno, lakini hawayakatizi mahali pamoja.

Mfano ulio wazi ni wa Mmarekani Mel Blanc (1908–1989), aliyewasemea wahusika wengi wa katuni za Warner Bros. Bata Daffy Duck na paka Sylvester wote wana kithembe cha kurusha mate, na wote wametoka katika koo moja. Tofauti kubwa ni kwamba rekodi ya Daffy iliharakishwa kwa mitambo, kidatu kikapanda. Kithembe kimoja, wahusika wawili. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba sauti ya Daffy "ni kithembe" ametaja sehemu moja tu ya kilichoundwa.

Mwigizaji anayeanza huwa na tabia ya kutafuta kwanza mlio wa kuchekesha, kisha kumtafutia mwenyewe. Njia yenye manufaa ni kinyume chake: mhusika ana umri gani, ana mwili wa namna gani, anataka nini, anasema na nani? "Marahaba" ya mzee anayempenda mjukuu si "marahaba" ya mzee anayedaiwa na huyo anayemwamkia. Sauti ikishapatikana, ijaribiwe: je, mhusika huyo aweza kucheka, kulia, kukohoa na kunong'ona bila kugeuka kuwa mtu mwingine? Na je, mwigizaji aweza kuirudia kesho, kwa saa kadhaa, bila kuumia koo? Sauti inayokwaruza koo baada ya dakika mbili isiwekwe katika sampuli ya kazi, kwa maana huenda ndiyo itakayochaguliwa.

Lafudhi hatuihesabu pamoja na hayo, na hapa tunajua kwamba baadhi ya wasomaji watatupinga. Katika vichekesho vyetu imezoeleka mlinzi kupewa lafudhi ya kabila fulani, na mwenye duka lafudhi ya Kihindi, kisha kazi ikahesabiwa imekwisha. Lafudhi hueleza mtu ametoka wapi. Haielezi yeye ni nani. Iondolewe: ikiwa hakuna kilichobaki, hapakuwa na mhusika, palikuwa na dhihaka ya jamii nzima. Kuweza kusema kama mtu wa Unguja na kama mtu wa bara ni ujuzi halali, lakini uorodheshwe kwa jina lake.

Imebaki ile rekodi fupi ambayo mwigizaji huwapelekea watayarishaji ili wamjue. Wanamuziki na watu wa studio huiita demo. Jaribio halifai, kwa kuwa aliyeitoa hajaribu, amekwisha kuweza. Usaili ndio jaribio. Onyesho ni la macho. Kanda imepitwa na mitambo. Twapendelea kionjo cha sauti. Vituo vya redio na televisheni hukitumia kionjo kwa kipande cha kipindi kijacho, na maana haiko mbali: mpishi humtilia mtu mchuzi kidogo kiganjani, naye akajua kilichomo chunguni. Kionjo cha wahusika huchukua kama dakika moja, kila mhusika akipewa sekunde chache tu. Aliye bora hutangulia, kwa sababu msikilizaji mwenye kazi nyingi huenda asifike mwisho. Na wanaofuatana huwa wametofautiana kwa kidatu, mvumo na mwendo. Sauti za matangazo ya biashara huwekwa katika kionjo chao, mbali na cha wahusika. Wingi wake ni vionjo vya sauti.