Ushikaji wa upinde
Ushikaji wa upinde ni namna mpiga mishale anavyouweka mkono wake juu ya upinde na vidole vyake kwenye upote. Ndio msingi wa shabaha: mkono ukipindua upinde kidogo tu, mshale huacha njia yake. Kosa la digrii 1 huupeleka mshale karibu sentimita 44 pembeni kwa umbali wa mita 25.

Nchini Tanzania ujuzi huu bado ni sehemu ya maisha ya Wahadza wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, pamoja na bonde la Yaeda katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara. Katika wilaya ya jirani ya Hanang, Wabarabaig, ambao ni wafugaji, wanajulikana zaidi kwa mkuki.

==Mkono wa upinde==
Upinde husukumwe kwa sehemu ya kiganja iliyo chini ya kidole gumba, ili nguvu ipite moja kwa moja kwenye mfupa wa mkono. Vidole vingine hulegezwa. Kuukaba upinde kwa nguvu huuzungusha wakati upote unapoachiwa.

Upinde wa jadi ni fimbo iliyochongwa bila mahali pa kuegemeza mshale, kwa hiyo mshale hulala juu ya mkono wenyewe. Mkono ukishika juu zaidi leo na chini zaidi kesho, mishale nayo itapanda na kushuka.

==Mkono wa upote==
Upinde wa Wahadza ni mgumu kuvuta, na upote wake hutengenezwa kwa kano za wanyama. Vidole vinapaswa kuuachia upote kwa pamoja. Vikiuvuta pembeni, mshale huyumba. Hata ukiachiwa vizuri, mshale hujipinda kidogo unapoupita upinde, kisha hunyooka kwa msaada wa manyoya yaliyofungwa nyuma yake.

==Umuhimu katika uwindaji==
Kwa ndege na pimbi hutumika mishale isiyo na sumu. Kwa wanyama wakubwa, kama vile pofu na twiga, chembe cha chuma hupakwa sumu ya mimea ya jenasi ''Adenium'' au ''Strophanthus'', ambayo huathiri moyo. Sumu haiondoi haja ya shabaha: ni lazima mshale upenye nyama, na mnyama aliyechomwa hufuatwa kwa nyayo, pengine kwa saa nyingi. Mshale ukikosa, mawindo hukimbia na familia hurudi kwenye mizizi, matunda na asali.

==Mafunzo==
Wavulana wa Kihadza hupewa pinde ndogo wakiwa bado watoto wadogo, na hujizoeza kwa kulenga shabaha na kuwinda ndege. Ujuzi huo unategemea pori lenye wanyama, ambalo limepungua kutokana na kilimo na ufugaji. Mwaka 2011 Wahadza wa bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa sehemu ya ardhi yao.